Kibuyu cha Mwalimu Zaidi na Dunia ya Betri

Habari ya kifo cha Mwalimu Zaidi ilifika Makuyuni saa mbili asubuhi, kwa honi. Mtu mwingine angeshuka garini, angesogea mpaka barazani, angesema neno lile kwa sauti ya chini. Athuman alipiga honi mara tatu akiwa barabarani, akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Dada Hajira! Jiandae, kaka amefariki!" Majirani wote wakajua kabla mwenyewe hajaelewa vizuri.

Hajira alikuwa amekaa mkekani anapukuchua mahindi. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akairudia, na mikono yake ikaendelea na gunzi lile lile mpaka likaisha, kwa sababu hakuna aliyeiambia iache. Ndipo akainuka, akavaa baibui, akawafungia kuku na kumpa jirani ufunguo.

"Amefariki lini?" aliuliza alipofika kwenye pikapu.

"Jana, baada ya isha. Dereva wa basi la alfajiri la Handeni kaniletea karatasi dukani Korogwe. Twende, dada. Tunazika baada ya adhuhuri."

Hajira alifungua mlango akakuta kiti kina mwenyewe. Kitini palikuwa na dunia. Dunia ya plastiki, ukubwa wa tikitimaji, buluu kupita bahari yoyote aliyoumba Mungu, imesimama juu ya kitako chenye vitufe, na kalamu imening'inia ubavuni kwa waya. Athuman alikuwa ameifunga mkanda. Mama yake mzazi aliwahi kusafiri nyuma ya pikapu hiyo hiyo, juu ya magunia, na hakufungwa na chochote.

"Hii nayo inakwenda msibani?"

"Hiyo ndiyo ya muhimu kuliko sote," alisema Athuman. "Nimeibeba kwa ajili ya kaburi. Kaka lazima alazwe kwenye kibla sawasawa. Tukiwaachia wenyewe kule watachimba kizamani."

Hajira alikuwa amekusudia kulia njiani. Alipomtazama mdogo wake usoni akajua nafasi hiyo haipo. Maana mwaka juzi, siku ya Idi, Zaidi alimshika mkono akamwambia, nusu kwa mzaha, "Hajira, mimi kufa sikuogopi. Naogopa kulazwa na Athuman. Siku yangu ikifika, hakikisha nalazwa kwa mawe yangu." Naye aliahidi. Ahadi kwa maiti haina wa kuifuta. Aliipakata ile dunia, akafunga mlango, na safari ikaanza.

Mpaka Korogwe ni lami, hapakuwa na neno. Baada ya hapo ni vumbi na mashimo mpaka Handeni, na hapo ndipo dunia ilipoanza kusema. Athuman alikuwa ameiacha imewashwa. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, kalamu iligonga inapotaka, na sauti ya mwanamke wa Kizungu, yenye furaha isiyo na sababu, ikataja nchi kwa Kiingereza. Brazili. Shimo jingine, Polandi. Karibu na Sindeni ikapiga wimbo mzima wa taifa fulani, tarumbeta na ngoma, huku Hajira ameikumbatia kama mtoto wa watu na machozi yanamtiririka.

"Unaona ilivyo na akili?" Athuman alisema. "Nchi zote zimo. Miji mikuu, idadi ya watu, nyimbo zao."

"Handeni imo?"

"Ah, dada. Hiyo ni dunia, si ramani ya kata."

"Tanga je?"

"Nimepaweka mwenyewe." Akaonyesha kwa kidole. Pale Tanzania palikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha ya mkewe. Tone lilianzia baharini likaishia karibu na Dodoma. Mahali fulani humo, chini ya rangi ya kucha, alikuwa amelala Mwalimu Zaidi akisubiri sanda.

Zaidi alikuwa mtoto wa kwanza, Hajira wa pili, Athuman kitindamimba. Baba yao alikufa mapema, mama akabaki na shamba la mahindi na mihogo nje ya mji wa Handeni, na Zaidi, aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu, akawavisha na kuwasomesha wadogo zake kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Hajira alifika kidato cha nne. Athuman alifika darasa la saba, na hata huko alifika kwa kusukumwa kama gari bovu. Katika mtihani mmoja wa Jiografia alichora ramani ya nchi yake akaliweka Ziwa Viktoria baharini, upande wa Pangani. Zaidi ndiye aliyesahihisha karatasi hiyo. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Samaki watashangaa." Athuman hakusahau sentensi ile, na pengine yote yaliyofuata yalitoka humo.

Shule haikuwa na dunia ya kufundishia. Iliagizwa, ikasemekana iko njiani, na ikabaki njiani miaka kumi na moja. Zaidi hakuwa mtu wa kusubiri. Alichagua kibuyu cha mviringo katika shamba la mama yake, akakikausha darini, akakipaka bahari kwa bluu ya kufulia iliyochanganywa na gundi, mabara kwa udongo mwekundu, mipaka kwa mkaa uliochongwa ncha. Kibuyu kina kikonyo, basi Ncha ya Kaskazini nayo ilikuwa na kikonyo, na wapo watoto wa Handeni waliokwenda sekondari, wakaonyeshwa dunia ya kiwandani, wakainua mkono kumuuliza mwalimu kikonyo kimekwenda wapi. Handeni ilikuwa punje ya hindi iliyobandikwa kwa utomvu. Makka ilikuwa mbegu ya kunde. Fukusi walikuwa wakiila Handeni kila mwaka, na kila mavuno Zaidi alibandika punje mpya. Alikining'iniza kibuyu darasani kwa kamba ya katani, kikonyo juu, na alipotaka kueleza majira alikiinamisha kwa mkono wake, akaeleza, akakirudisha.

Nyuma ya nyumba yake alisimamisha fimbo iliyonyooka. Aliwafundisha watoto kuweka jiwe pale ncha ya kivuli inapoishia, kila baada ya dakika chache, mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko vyote. Hapo ndipo katikati ya mchana, na kivuli hicho kinalala juu ya mstari wa kusini na kaskazini bila kupinda. Aliwaambia pia kwamba katikati ya mchana ya Handeni si saa sita. Saa za nchi nzima zimepimwa kwa mstari ulio mashariki yetu, hivyo jua letu linachelewa, na kivuli kifupi kinakuja karibu saa sita na nusu. Darasa baada ya darasa waliuhakiki mstari ule, mpaka ukawa safu ya mawe makubwa iliyozama ardhini, kusini na kaskazini ya fimbo. Mwisho wa safu, upande wa kaskazini, palikuwa na jiwe moja jeupe, limesogezwa kidogo upande wa mashariki, upana wa vidole viwili hivi vya mkono ulionyooshwa, kwa mtu aliyesimama kwenye fimbo. Hilo lilikuwa la Makka. Hapo aliswalia sunna zake kwa miaka yote.

Katika mazungumzo ya wazee wa huko neno kibla lina kazi mbili. Ni unakoelekea katika swala, na ndilo pia jina la kaskazini. Upepo unavuma kutoka kibla. Ng'ombe wamepotelea kibla. Parsaoti, mtoto wa wafugaji wa Kimaasai aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na miwili na ambaye hajaswali rakaa hata moja maishani mwake, alisema "kibla" kama imamu. Zaidi alipenda jambo hilo. "Mungu ameturahisishia," alikuwa akisema. "Ametuweka kusini ya nyumba yake, ili hata mjinga asipotee." Alikuwa hajamhesabu Athuman.

Milango ya nchi ilipofunguliwa na biashara ikawa ya kila mwenye miguu, Athuman alipata wito wake. Alianza na betri na viberiti, akaishia kupanda ndege kwenda Dubai na kurudi na saa zinazowika, maua yasiyonyauka, picha za maporomoko ya maji yenye taa ndani. Takataka za dunia nzima zilikuwa zinatafuta pa kwenda, na nyingi zilipata njia ya Korogwe. Katika safari moja alileta dunia ile inayosema, ili watoto wake wajifunze Jiografia nyumbani. Aliiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, akamwita Zaidi kutoka Handeni aje kuiona.

"Siku hizi elimu iko nyumbani, kaka," alimwambia. "Mwalimu wa nini?"

Binti yake wa darasa la tano akagusagusa kwa kalamu, akataja mji mkuu wa Mongolia. Zaidi akampigia makofi. Kisha akamuuliza, "Sasa, mama, nionyeshe kaskazini ni wapi."

Mtoto akanyoosha kidole kwenye dari. "Juu, baba mkubwa."

Zaidi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanzu. "Basi Waislamu wa Korogwe wanaswali wakitazama mapanya!"

"Cheka tu," alisema Athuman. "Kibuyu chako hata hakisemi."

"Hakisemi, kinangoja mtu afikiri. Hiyo yako ingengoja hapa mtu afikiri, ingeota mizizi."

Haya yote Hajira aliyasikia kwa masikio yake, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na alicheka kuliko wote. Baadaye aliomba msamaha kwa Mungu kwa kule kucheka. Hakumwomba Athuman.

Miezi michache baada ya hapo msikiti wa kijijini kwao ulisakafiwa upya. Athuman alitoa saruji, na kwa kuwa alitoa saruji alitoa na maoni. Alikuja na dunia yake, akaiweka mihirabuni, akapitisha uzi kutoka tone la rangi ya kucha mpaka Makka, akasimama mbele yake, akatangaza kwamba kibla cha miaka yote kilikosewa; cha kweli kinalalia kulia, tena sana. Mistari ya safu ikapakwa rangi ya kijani upande upande, kama mtu aliyetandika mkeka gizani. Zaidi alisimama akasema dunia ile imeinamishwa na kiwanda, ndiyo maana uzi umelala. Waliomsikiliza walikuwa wachache. Kibuyu hakikutoa saruji. Basi akasema sentensi yake moja, kama zile za wino mwekundu: "Nimepima kwenye kibuyu changu. Mstari huu haufiki Makka. Unafika Dubai, alikonunua bidhaa."

Watu walicheka, lakini mistari ilibaki. Zaidi alijaribu kuswali mwisho wa safu akiwa amenyooka peke yake, akaambiwa anaivunja safu. Akahamia kwenye mawe yake. Kuanzia siku hiyo mtu ambaye hakukosa alfajiri ya jamaa kwa miaka thelathini akaanza kuitwa mwalimu aliyeacha msikiti.  Jina hilo lilimuuma, na alikufa linamuuma.

Walifika saa tano na nusu. Mwatumu, mjane, alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake. Alimshika Hajira mikono yote miwili akamnong'oneza sikioni.

"Wifi, wameshaanza kuchimba. Kwa mistari ya msikitini. Athuman alituma maagizo kwa yule dereva wa basi."

"Zaidi alisema nini mwishoni?"

"Aliomba maji. Akanywa kidogo. Akasema, mwambie Hajira mawe." Mwatumu akaanza kulia. "Mimi nilidhani anaweweseka."

Hajira alizunguka nyuma ya nyumba. Makaburi ya ukoo yapo pale pale, ng'ambo ya mihogo, la baba na la mama, yamelala sambamba kama watu walioelewana. Pembeni yao vijana walikuwa wamefika magotini, na shimo jipya lilikuwa limekaa mshazari, linampa mama yake kisogo nusu. Kando ya uzio alisimama Parsaoti na shuka lake na fimbo, ameleta maziwa kwa wafiwa, mtu mzima sasa mwenye mvi mbili tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Parsaoti. Umeliona kaburi?"

"Nimeliona. Linatazama Mombo." Alitema mate pembeni. "Mwalimu atakaa pale kama abiria, anangoja basi lisimame anunue mahindi ya kuchoma."

Hajira aliziba mdomo kwa mtandio. Aliingia ndani, akakiondoa kibuyu kwenye msumari juu ya kitanda cha marehemu. Punje ya Handeni ilikuwa imeliwa na fukusi. Limebaki doa la utomvu. Mavuno ya mwaka huu yalimkuta Zaidi kitandani. Alimwomba Mwatumu punje moja kutoka ghalani, akaibandika kwa ute wa bamia uliokuwa jikoni, akatoka na kibuyu mpaka upande wa wanaume.

Athuman alikuwa ameshatandaza jamvi. Dunia imekaa katikati, imamu na wazee wamezunguka, naye amechuchumaa kama mganga.

"Shehe, samahani," alisema Hajira kwa imamu. "Mimi ni dada wa maiti. Nina neno kuhusu kaburi."

"Sema, mama."

"Dada, haya ni ya wanaume," Athuman alisema. "Na si ya maneno, ni ya sayansi. Hebu niiulize yenyewe mbele yenu." Akabonyeza kitufe. Dunia ikauliza swali kwa Kiingereza. Athuman, kwa fahari, akaigusa Makka kwa kalamu. Dunia ikasema maneno mawili ikafuatisha kinanda kifupi cha furaha. "Mmesikia?" Athuman aliinuka. "Imekubali!"

"Imesemaje?" imamu aliuliza.

"Imekubali, shehe. Ndivyo inavyoimba ikikubali."

Hajira alivuta pumzi. Miaka minne ya Kiingereza cha sekondari, aliyolipiwa na yule aliyelala ndani, haikuwahi kumfaa kama wakati ule. "Shehe, imemuuliza Misri iko wapi. Yeye ameigusa Makka. Imemwambia, jaribu tena."

Mzee mmoja alikohoa ndani ya kanzu yake. Mwingine akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Na nyumbani kwako," Hajira aliendelea, hakuweza kujizuia, "imekuwa ikikuimbia hivyo miaka mingapi?"

"Dada, usinidhalilishe msibani."

"Aliyekuja na kinanda msibani si mimi."

Imamu aliinua mkono. Alikuwa mtu mpole, mgeni wa kijiji, na mistari ile ya kijani aliirithi tu. "Mama, kila mmoja ana dhana yake, na Mwenyezi Mungu anasamehe aliyekosea akiwa anatafuta haki. Hoja yako ni ipi?"

Hajira akakiinua kibuyu kwa kamba yake mpaka kikatulia. "Hii hapa punje, Handeni. Hii kunde, Makka. Iko juu ya punje, imesogea mashariki kidogo tu. Sasa tazama." Akainama, akakishika kitako cha dunia ya Athuman, akakiinua upande mmoja mpaka msumari wake wa juu ukasimama wima. Makka ikapanda ikakaa juu ya tone la rangi ya kucha. Akakiachia. Makka ikaanguka kulia. "Kiwanda ndicho kilichoinamisha, shehe. Huyu akadhani ni Makka iliyohama."

"Ndivyo dunia ilivyo!" Athuman alifoka. "Imeinama! Hata kaka alifundisha imeinama!"

"Imeinama mbele ya jua, Athuman. Haikuinama mbele ya Handeni. Ungekuwa unasikiliza darasani ungejua."

"Kibuyu," alisema Athuman, akiwageukia wazee. "Mnataka kumzika mtu mwenye heshima zake kwa kibuyu. Ndiyo maana hatuendelei. Wazee wetu walikosea kwa kutojua, hata mama tumemzika kombo, tusikosee na kaka."

 Wapo waliotikisa kichwa kukubaliana naye, kwa sababu kitu chenye betri kina heshima yake. Hajira aliona kwamba kibuyu kinashindwa. Na hapo Parsaoti akasema kutoka kwenye uzio, bila kupaza sauti, "Shehe, saa ngapi sasa?"

Imamu akatazama mkono. "Saa sita na dakika ishirini."

"Adhuhuri unaijuaje imeingia?"

"Kwa kivuli. Kikishafika mwisho wa kupungua kikaanza kurefuka."

"Fimbo ya mwalimu ipo huku nyuma. Njooni tukitazame kivuli kinachofupika, tuone kinalala wapi. Mimi si wa dini yenu. Lakini jua ni letu sote."

Wakaenda wote, hata Athuman, ameikumbatia dunia yake. Ilikuwa mwezi wa saba, jua limekaa upande wa kibla, na kivuli cha fimbo kilianguka kusini, bado kimepinda kidogo magharibi. Parsaoti alipiga magoti akaweka kijiti kwenye ncha. Baada ya muda akaweka kingine.  Kilisogea polepole, kikifupika kwa upana wa ukucha, kikaingia juu ya jiwe la kwanza, la pili, la tatu, na saa sita na dakika thelathini na tatu kikalala juu ya safu yote ya kusini, kama mtu anayeingia kitandani mwake. Parsaoti akaweka kijiti cha mwisho. Kivuli kilichofuata kilikuwa kirefu zaidi.

Imamu alisimama nyuma ya fimbo, akatazama kutoka kusini kwenda kaskazini, akaliona jiwe jeupe. Akayatazama makaburi ya wazee ng'ambo ya mihogo, yaliyokata mstari ule sawasawa, kisha lile shimo la mshazari.

"Kivuli hiki hunipa adhuhuri kila siku," alisema. "Siwezi kukiamini kwa saa nikakikataa kwa upande. Nyoosheni kaburi."

"Na msikiti je?" mzee mmoja aliuliza.

"Msikiti tutauzungumza Ijumaa."

Athuman alifungua mdomo. Dunia, iliyobanwa kwapani mwake, ikamtangulia ikataja Ajentina. Alitafuta kitufe cha kuizima akakikosa, akageuka, akaenda nayo kwenye pikapu, na mlango ukasikika ukifungwa. Hajira alimsindikiza kwa macho yenye dharau aliyokuwa ameihifadhi tangu Makuyuni. Akasema astaghfirullah. Haikuondoka yote.

Parsaoti na vijana walifunga kamba ya katani kwenye jiwe jeupe na fimbo, wakaivuta mpaka makaburini, wakachimba upya, kaburi likiikingama kamba kama ya wazazi. Shimo lililokosewa walilirudishia udongo wake wakapiga kwa miguu. Kazi ilichukua muda, ikabidi maziko yasogezwe mpaka baada ya alasiri. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mwenye haraka ya kurudi dukani, naye hakulalamika kwa sauti.

Mwili ulikuwa umeoshwa tangu asubuhi na wazee wawili wa msikitini. Mwatumu na Hajira waliitwa kumwona kabla sanda haijafungwa usoni. Alikuwa amekonda. Kwenye kidole cha shahada bado palikuwa na alama ya bluu ambayo haikuwahi kutoka. Mwatumu alimwambia amemsamehe yote na akamwomba naye amsamehe. Hajira alimwambia mawe yamekubaliwa. Kisha wakatoka, sanda ikafungwa.

Jeneza lilitolewa likawekwa uani, kichwa upande wa mashariki. Imamu aliuliza kama marehemu anadaiwa na yeyote, hakuna aliyejitokeza. Aliuliza alikuwa mtu wa namna gani, wakajibu alikuwa mtu mwema, waliojibu wakiwemo wale waliosema ameacha msikiti. Wakamswalia pale pale uani, safu nne, wakifuata kamba ya katani. Takbira nne, wakatoa salamu.

Wanaume walilibeba jeneza wakapita kwenye mihogo. Wanawake walibaki nyuma ya jiko. Kwa kuwa ni karibu, Hajira aliona. Athuman alikuwa amerudi kutoka kwenye gari, amekunja kanzu. Ndiye aliyeingia kaburini pamoja na jirani mmoja kumpokea kaka yake, kama ilivyo desturi. Alishika upande wa kichwa. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, wakafungua kamba za sanda, wakapanga mbao, wakatoka. Athuman alipandishwa kwa kushikwa mikono, akakaa juu ya udongo uliochimbwa, analia, mpaka walipomwomba asogee ili wafukie. Parsaoti alisimama nyuma ya wote, fimbo chini.

Kila mmoja alitupia udongo mara tatu. Wakafukia, wakamwagia maji, wakachomeka kijiti upande wa kichwa. Imamu akasoma talakini na Fatiha, wakaitikia amin. Jua lilikuwa limeshuka. Walirudi mmoja mmoja kwa njia ile ile ya mihogo, wakanawa mikono kwenye ndoo iliyowekwa mlangoni, wakaketi.